Ufunguo Wangu na Kimya cha Learco

2 Desemba 1956

Mke wangu Dirce ameninunulia daftari hili. "Alcide," amesema, "kila siku unanisimulia ulivyo mkubwa mpaka chakula kinapoa. Lisimulie daftari. Lenyewe halili." Nimemwambia mimi nilitolewa shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kunifundisha, nacho nilikuwa nakijua.

Basi atakayeliokota ajue ameokota maneno ya nani. Mimi ni Alcide Mambriani, mgonga jibini wa Castelmora. Naingia ghalani na kinyundo changu, naligonga kila gurudumu la jibini, nasikiliza. Jibini nzima hujibu mara moja. Yenye ufa hujibu mara mbili. Mwaka wa mafuriko maji yalinifika shingoni nami nikaendelea kugonga chini ya maji, na sikukosea hata moja.

Halafu kuna sauti yangu. Besi. Nikiteremka chini kabisa, bilauri za baa ya Fosco hulia zenyewe, na ng'ombe wa ng'ambo ya barabara hulala. Mwaka huu ukungu umenikaa kooni, daktari kanikataza kuimba mpaka Jumatano ya Majivu. Naona ananionea wivu. Yeye ni teno, mwenye sauti ya juu.

Leo baada ya misa watu wamepanga foleni kunipa mkono. Nikadhani wameonja jibini ya vuli. Kumbe ni kwa ajili ya Learco, mtoto wa dada yangu Argia: ukumbi wetu wa opera umemwita aje kuongoza okestra mwezi wa pili. "Hongera, mjomba wa Learco!" Mjomba wa Learco! Miaka yote yeye ndiye alikuwa mpwa wa Alcide. Mtu ameondoka hapa na sanduku moja, anarudi amebeba na jina langu.

8 Desemba

Nimekwenda kunyolewa kwa Spartaco. Kwenye kioo chake ilikuwepo picha yangu siku zote, ile ya sikukuu ya mavuno, nimefungua mdomo mpaka meno ya nyuma. Leo nakuta picha ya Learco, imekatwa gazetini, ameinua kijiti kama mtu anayefukuza nyuki.

"Yangu iko wapi?"

"Ipo, ipo," Spartaco akasema. "Nimeisogeza pale karibu na kalenda."

"Pale ni nyuma ya koti."

"Koti likiondoka utaonekana. Hebu niambie, Alcide, mpwa wako ni mwimbaji au kiongozi wa okestra?"

"Anasema vyote viwili. Mshika mbili, moja humponyoka."

"Mbona wewe unagonga jibini na unaimba?"

Mtu hawezi kujibizana na anayemshikia wembe kooni.

13 Desemba

Ukungu. Nimegonga jibini kutwa. Zote nzima isipokuwa mbili, nazo nadhani ziliniogopa.

26 Desemba

Leo Mtakatifu Stefano, msimu wa opera umefunguliwa. Waheshimiwa wanakaa chini kwenye viti vya mahameli, wanasubiri kuona sisi wa roshani ya juu tutasema nini, ndipo na wao wajue kama wamefurahi. Sisi tunapanda ngazi na mkate wetu na chupa zetu, na kila mmoja ana ufunguo mfukoni. Ufunguo wa zamani, wenye tundu. Ukiuweka mdomoni ukapuliza, unatoa mluzi wa kupasua paa. Mwimbaji akipigiwa funguo Castelmora, habari inafika Milano kabla yake.

Wangu ni ufunguo wa ghala la jibini, ndio mrefu kuliko zote, na hakuna anayepuliza kabla yangu. Ndivyo tulivyopatana tangu afariki mzee Gaspare, mkuu wa roshani kabla yangu. Mwaka juzi nilimpulizia teno mmoja, akakimbia mjini na taji ya mfalme kichwani, akapanda gari la maziwa. Wapo wanaosema aliondoka kwa treni kama watu. Hao hawakuwepo.

Leo sikupuliza. Mama aliyeimba aliimba vizuri, nikamruhusu.

6 Januari 1957

Learco amerudi. Chakula cha mchana kwa dada Argia, anolini, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, kwenye supu ya kuku dume. Tangu baba yetu afariki, upawa wa kwanza nyumbani kwa Argia huwa wangu, hata akiwepo padre. Leo upawa umepita mbele ya pua yangu, umemwagwa kwenye sahani ya Learco. Dirce kaniona nilivyoufuata kwa macho, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Amenenepa shingo huyu mtoto. Amevaa skafu ya hariri humo humo ndani.

"Mjomba, koo linaendeleaje?"

"Langu limepumzika. Lako je? Au siku hizi unaimba kwa mikono?"

Akacheka. "Naimba bado. Mwaka jana nimemwimba Mlinzi wa Lango kule Graz, Austria. Mwaka huu naongoza."

"Njia mbili zilimshinda fisi."

"Fisi hakuwa na mjomba," akasema, na meza nzima ikaangua kicheko. Tangu utotoni jibu lake huwa limeshachemka kabla ya swali langu kuiva. Silipendi jambo hilo.

Opera atakayoongoza ni *Mlinzi wa Lango*. Ni yetu hiyo. Mtunzi alizaliwa vijiji viwili kutoka hapa. Mlinzi mzee anafunga lango la mji kwa sababu adui anakuja, na mwanawe mwenyewe amebaki nje. Anageuza ufunguo, anaimba, "Nimefunga." Kisha sauti inashuka, inashuka, mpaka noti ya chini kuliko zote, noti ya Lango. Hakuna mtoto wa Castelmora asiyeijua, na hakuna koo linaloifikia kama langu. Babu yangu ndiye aliyemfundisha mtunzi. Walikuwa zizini, babu anamwita fahali.

Learco akaweka kijiko chini. "Mjomba, nakwambia mwenyewe usije ukaisikia barabarani. Ile noti hatutaiimba."

"Hamtaimba nini?"

"Nimekwenda kuziona karatasi alizoandika mtunzi kwa mkono wake. Baada ya 'Nimefunga' hakuna noti. Kuna kimya. Mlinzi anasimama na okestra inasimama. Kimya kirefu."

"Alisahau kuandika."

"Ameandika kimya, akakipigia mstari."

"Kwa hiyo mimi miaka yote hii nilikuwa naimba nini?"

"Uliimba vizuri sana, mjomba."

Uliimba! Kama mtu anayesoma jiwe la kaburi.

7 Januari

Ukungu. Sisemi na mtu.

8 Januari

Nimesema na Dirce, kuhusu chumvi.

20 Januari

Baa ya Fosco ilijaa. Habari imeshatapakaa: Learco ameikata noti. Wazee wanasema ni dharau, vijana wanasema tusubiri tusikie. Wote wananitazama mimi.

Spartaco akagonga meza. "Sema basi, mkuu wa roshani. Noti isipokuwepo, tunapuliza au hatupulizi?"

"Ni damu yake huyo," Fosco akasema huku anafuta bilauri. "Atampulizia vipi mtoto wa dada yake?"

"Wivu ungekuwa jibini, Alcide angekuwa na ghala mbili," mtu akasema kwa nyuma. Sikumjua nani. Nikimjua atajuta.

Nikasimama. Nikatoa ufunguo, nikauweka mezani mbele yao, mlio wake ukasikika mpaka jikoni. "Roshani haina mpwa," nikasema. "Noti isipokuja, wa kwanza kusikika ni huu."

Wakapiga makofi. Ni maneno mazuri. Nimeyarudia njiani nikienda nyumbani. Dirce akaniuliza nasema na nani.

3 Februari

Leo Mtakatifu Biagio, mwenye makoo. Padre anakupishanishia mishumaa miwili shingoni, anaomba usikwamwe na mwiba wala usiugue koo. Nimekwenda mapema nikapate mishumaa ikiwa bado mipya. Shingo yangu ikapata sala ya haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku. Nyuma yangu Learco. Kwake padre akafumba macho! Mishumaa ikakaa, ikakaa, nta ikaanza kudondoka.

"Padre," nikamwambia mlangoni, "mbona mimi umenirusha?"

"Alcide, koo lako Mungu analijua. Hajapata nafasi ya kulisahau."

Watu wakacheka, na waliokuwa nje wakauliza kuna nini, wakasimuliwa, wakacheka na wao.

Hapo ndipo nilipokutana na Kralev, Mbulgaria atakayemwimba Mlinzi. Mtu mkubwa kama kabati. Kiitalia chake chote amekitoa kwenye opera. Akanishika mkono akasema, "Ewe mzee mtukufu, ni wapi katika dunia hii katili mtu aweza kupata supu?"

Nikampeleka nyumbani. Alikula sahani nne. Kati ya ya tatu na ya nne nikapata wazo.

8 Februari

Wazo lenyewe ni hili. Anayeongoza ni Learco, lakini mwenye koo ni Kralev. Kiongozi anaweza kusimamisha violini. Hawezi kuzuia mdomo wa mtu aliyesimama jukwaani. Kralev akiishusha noti ya Lango usiku ule, mji mzima utajua noti imerudi, na utajua nani kairudisha. Learco atabaki na kijiti hewani.

Leo nimemwita ghalani, nikamweleza.

"Lakini maestro, kiongozi wetu, amekataza," akasema.

"Maestro gani? Yule nimemfuta kamasi kwa mkono huu."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, magurudumu ya jibini yamepangana mpaka darini. Macho yakaanza kung'aa. "Huu ni usaliti!" akanong'ona. "Naupenda usaliti."

Nimemsimamisha mlangoni, mlango wazi, ukungu unaingia. Noti ya chini hupenda baridi, kama mvinyo mweupe. Haya hawayafundishi chuoni. Akashuka mara ya kwanza, ikatoka kama kiti kinavutwa. Mara ya kumi ilianza kuwa noti.

10 Februari

Ghalani tena na Kralev. Noti imeota mizizi. Anakohoa kidogo, nimempa pombe kali ya zabibu.

11 Februari

Ghalani. Anasema, "Ole wangu, kifua changu." Nimemwambia ndiyo noti inatafuta mahali pa kukaa.

12 Februari

Dada Argia amekuja akiwa bado na aproni. Hakutaka kukaa.

"Kaka, ni kweli ulichosema baa?"

"Nimesema mengi baa."

"Ufunguo, Alcide. Usinizungushe."

"Noti ni ya mji, Argia. Mtu hawezi kuja na skafu akaichukua."

"Nisikilize. Jumamosi wanakuja mabwana wawili kutoka Milano kumwangalia. Huko Graz mkataba umekwisha, hajaniambia, nimeona usoni mwake. Wakimpenda, atakuwa na okestra. Akipigiwa funguo hapa kwao, na anayeanza ni mjomba wake, nani tena atamwita? Atafundisha watoto do-re-mi mpaka azeeke."

"Si kazi mbaya."

"Basi ukaifanye wewe!" Akafungua mlango, akageuka. "Alipokuwa mdogo alikuwa anatembea kama wewe. Mikono nyuma, tumbo mbele. Nilikuwa nampiga aache, na haachi."

Ameondoka bila kuaga. Supu aliyoleta ameiacha. Ilikuwa na anolini. Nimeila, hakukuwa na wa kunipita kwa upawa.

14 Februari

Learco mwenyewe amekuja ghalani. Nilidhani amejua habari za Kralev, nikashika kinyundo nikaendelea kugonga. Akasimama mlangoni kama zamani, haingii mpaka niseme. Sikumkaribisha. Nikagonga jibini kumi bila kusikia hata moja.

"Mama alikuja kwako," akasema. "Sikumtuma."

"Najua. Ungekuwa umemtuma angekuja bila supu."

"Sikuja kuomba usipulize. Roshani ni yenu. Mtu akiogopa funguo asiongoze Castelmora."

Hilo lilinishinda. Nilikuwa nimejiandaa kukataa ombi.

"Naomba kitu kimoja tu, mjomba. Kimya kiishe kwanza. Usikikate katikati. Kikiisha, puliza mpaka paa liondoke."

"Na nitajuaje kimekwisha?"

"Wewe?" akasema, akatazama kinyundo changu. "Wewe utajua."

Akaenda zake. Mikono nyuma, tumbo mbele.

15 Februari

Ukungu. Kralev hakuja ghalani. Nimesikia anakunywa maziwa ya moto.

17 Februari, Jumapili

Sasa nieleze jana, na nieleze sawasawa, maana tayari kuna watu mjini wanaeleza vibaya.

Roshani ilijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Sijawahi kuona funguo nyingi vile; mtu mmoja alileta wa kanisa. Nilikaa mahali pangu katikati, mbele kabisa, mikono juu ya ukingo. Kulia kwangu Spartaco, kushoto Dirce, ambaye hakuwa akisema nami tangu asubuhi. Chini niliona mabwana wawili wenye makoti ya manyoya. Hawakuwa wakicheka. Argia alikuwa safu ya nyuma, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye treni.

Learco akatoka. Makofi ya heshima tu kutoka chini. Juu kwetu hakuna mkono uliogongana.

Akaanza. Niseme ukweli wangu: nilikuwa namtafutia kosa. Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza jibini, violini hizi, tarumbeta zile, natafuta ule mlio wa pili. Mara mbili nilidhani nimeupata. Mara zote mbili ilikuwa ni Spartaco anapumua.

Kralev katika tendo la kwanza alikuwa simba. Tendo la pili, simba mzee. Mwisho wa tendo la pili alifungua mdomo kumwita mwanawe, ukatoka upepo. Watu wakatazamana. Pazia likashuka.

Tukakaa tukisubiri. Fununu zikapanda ngazi kabla ya mtu yeyote: Mbulgaria hana sauti hata ya kuomba maji. Hakuna besi mwingine karibu kuliko Bologna, na barabara yote ni ukungu. Watalifuta onyesho. Dirce akanigeukia kwa mara ya kwanza jana.

"Ghalani," akasema. "Mlango wazi. Mimi nilikuona."

"Ni ukungu, Dirce."

"Ukungu haumwiti mtu kwa supu."

Pazia likapanda. Kralev amesimama jukwaani mbele ya lango, mavazi yote mwilini, ufunguo wa mbao mkononi, mdomo umefungwa. Learco akapanda kwenye kijukwaa chake, ametugeuzia mgongo kama kawaida. Akainua kijiti. Okestra ikaingia. Na ilipofika zamu ya Mlinzi, akaimba yeye.

Anaongoza na anaimba. Mkono wa kulia unawapa violini njia, wa kushoto unawatuliza wapiga pembe, na sauti inatoka kwenye mgongo ule, haigeuki kututazama, inakwenda kwa Kralev, na Kralev anaipokea kwa uso na mabega, machozi yanamtoka. Sauti ya mmoja, mwili wa mwingine. Sijaona kitu kama hicho, na mimi nimeona kila kitu.

Iliniuma kama jino. Nitaandika hapa kwa sababu daftari halili wala halisemi. Sauti ilikuwa nzuri. Niliigonga kila upande. Ilijibu mara moja. Hakuna ufa. Na alikuwa anavuta pumzi pale pale ninapovuta mimi, kabla ya neno "mwanangu", mahali ambapo hakuna mwalimu anayeruhusu. Ameiba pumzi yangu, nikawaza, ameiba upawa na picha na jina, sasa na pumzi. Nikatoa ufunguo mfukoni.

Spartaco akautoa wake. Nyuma yetu nikasikia roshani nzima inatoa, chuma kinagusa vifungo vya makoti, kama mvua inayoanza.

Learco akaimba, "Nimefunga."

Akashusha mikono. Okestra ikakoma. Sauti ikakoma.

Noti haikuja.

Sasa sikilizeni vizuri. Palikuwa na shimo. Pale ninapoweka noti yangu siku zote palikuwa na shimo, na ndani ya shimo lile yupo mzee aliyemfungia mwanawe nje, na hana la kusema. Mimi miaka yote nilikuwa namjazia mdomo. Kralev alikuwa anautazama ufunguo wa mbao. Mimi nilikuwa na wangu mdomoni, baridi ya chuma kwenye ulimi, na roshani nzima imevuta pumzi ikinisubiri.

Nilitazama shingo ya Learco. Haikugeuka.

Kimya kiishe kwanza, alisema. Nami nikasikiliza kama kimekwisha. Kilikuwa bado. Unapogonga jibini, ukisikiliza kwa pupa utasikia nyundo tu; jibini hujibu baadaye. Hii ilikuwa bado inajibu.

Spartaco hana subira, alizaliwa kabla ya mkunga kufika. Nikaona mashavu yake yanajaa. Nikamshika kifundo cha mkono kwa kushoto. Na mkono wangu wa kulia, wenye ufunguo, nikauinua juu ya kichwa, juu, roshani yote iuone. Subirini!

Wakasubiri. Funguo zote mdomoni na hakuna hata moja iliyopumua. Nakuapia kwa Mtakatifu Biagio, nilisikia ukungu unapita juu ya paa. Chini waheshimiwa hawakujua kama wamefurahi. Mwimbaji mmoja na wapiga vyombo wote wale, Learco aliwashika kwa mikono miwili. Roshani nzima nimeishika kwa mmoja.

Kisha kikaisha. Nilijua. Kabla kijiti hakijapanda nilijua, na hapo hapo violini zikaingia, pole pole, kama mtu anayegonga lango kutoka nje.

Nikashusha mkono. Ufunguo nikautia mfukoni. Nyuma yangu mvua ile ya chuma ikasikika tena, ikirudi.

Mwisho walipiga makofi mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye taa kubwa. Mabwana wa Milano walisimama. Argia alikalia mkoba wake. Watu wa roshani waliita jina, "Learco! Learco!" na mimi nikasubiri mtu mmoja aongeze, mpwa wa Alcide. Hakuna aliyeongeza. Makofi nilipiga. Si mengi.

19 Februari

Spartaco amerudisha picha yangu kwenye kioo. Ipo chini ya ya Learco. Nimempa mpaka Pasaka azigeuze.

24 Februari

Learco ameondoka kwenda Milano. Nimembebea sanduku mpaka stesheni, Argia akatangulia na kikapu cha chakula cha kulisha kikosi.

"Mjomba, asante kwa kimya," akasema tukiwa peke yetu.

"Kimya gani? Wewe ulikuwa umegeuza mgongo."

"Nilisikia funguo zinatoka mifukoni. Halafu nikasikia zimesimama. Katika nchi hii hakuna mtu mwingine anayeweza kuzisimamisha."

Hapo nilimpenda kidogo. Kisha akaharibu.

"Na asante kwa koo la Kralev."

"Koo la Kralev ni ukungu."

"Ndiyo, mjomba. Ukungu wa ghalani." Akanibusu mashavu yote mawili, akapanda. Treni ilipoanza kwenda alikuwa dirishani anacheka, na skafu ya hariri alikuwa amenivalisha mimi. Sikuona alipoivua.

Na tuseme ukweli: nisingempeleka Kralev ghalani, Learco angeimba saa ngapi? Nani amemwimbisha? Nimemuuliza Dirce hivyo. Amesema niliandikie daftari.

5 Machi, Jumanne ya mwisho wa Karnivali

Ukungu umeondoka. Kesho majivu, kesho daktari ananifungulia koo, lakini mimi si mtu wa kusubiri daktari teno.

Baa ya Fosco ilijaa, vinyago, unga wa maandazi hewani, mvinyo mwekundu una povu mpaka kwenye masharubu. Wakaanza wenyewe, "Alcide! Lango! Tuimbie Lango!" Nikajifanya sitaki. Nikavaa skafu vizuri. Nikasimama.

Niliimba. Sauti ilikuwa na kutu mwanzoni, baadaye ikakumbuka njia. Nikavuta pumzi kabla ya "mwanangu", mahali pangu, pumzi ambayo Learco aliipata kwangu na ninyi nyote ni mashahidi. Nikafika, nikaimba, "Nimefunga."

Nikanyamaza.

Fosco akasimama na kitambaa ndani ya bilauri. Kinyago kimoja kikavuliwa. Nikawashika hapo. Nikawashika. Mtu akajaribu kukohoa, nikainua kidole, akakimeza kikohozi. Nikawashika tena.

"Noti iko wapi, Alcide?" Spartaco akanong'ona, hakuvumilia.

"Imeshapita," nikamwambia. "Masikio yako yana sabuni."

Na bilauri zilikuwa zinalia. Fosco anasema lilikuwa gari la maziwa linapita nje. Fosco hajui kitu. Learco anakifanya vizuri kimya kile, sikatai, na Milano watampigia makofi. Lakini cha kwake ni kifupi. Changu ni kirefu zaidi.